Ndege wa Malagarasi ni aya: Tuwafundishe watoto wetu kuzisoma

KILA sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na vyote vilivyomo baina yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake wote.

Leo tumeona tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo mbele ya mambo mazito yanayoikabili jamii yetu. Tunawaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kwani mengi tunayoyaita madogo ndiyo yanayoonyesha hali ya nyoyo zetu.

Jioni moja, baada ya swala ya Alasiri, tulikuwa tumekaa ufukweni Ujiji, mahali ambapo akina mama huanika dagaa juu ya mchanga. Wakatujia watoto wanne, umri wao kati ya miaka minane na kumi na miwili, manati zikiwa zimening'inia shingoni. Mmoja wao alikuwa amemshika ndege mwenye rangi nyeusi na nyeupe, mdomo mrefu kama sindano ya kushonea magunia, na bawa moja limevunjika. Walikuwa na furaha kubwa. Tukawauliza: "Wanangu, huyu ni ndege gani?" Wakatazamana. Hakuna aliyejua. Mkubwa wao akajibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo babu, ni ndege tu."

Jibu hilo limekuwa likitusumbua tangu siku ile. Watoto hawa wanasoma shule, na jioni wanasoma madrasa. Wanajua kuhesabu, wanajua sura nyingi kwa moyo, lakini kiumbe kinachovua samaki mbele ya macho yao kila siku ya maisha yao hawakijui hata kwa jina. Wala hatuwalaumu wao. Tujiulize sisi wazazi: ni wangapi kati yetu wangelijibu zaidi ya hapo?

Yule ndege alikuwa mdiria. Anapovua husimama angani pale pale, mabawa yakipiga haraka, macho yakiwa chini majini, kisha hujitupa kama jiwe na kuibuka na samaki. Hachimbi kiota chake juu ya mti bali ndani ya ukingo wa mchanga au udongo, akitoboa tundu refu lenye chumba mwishoni. Jambo la ajabu zaidi ni kuwa waliochunguza ndege hawa katika maziwa ya Kenya waligundua kwamba mara nyingi watoto wa kiume waliokwishakua hubaki kuwasaidia wazazi wao kulisha wadogo zao, badala ya kwenda moja kwa moja kujitafutia maisha. Sisi tunaowahimiza vijana wetu kila siku juu ya kuwatendea wema wazazi, tulikuwa na somo hilo linaruka mbele ya nyumba zetu, na watoto wetu wanalipiga kwa manati.

Kutazama ni amri

Tukirejea katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, tutakuta kwamba kuwatazama ndege si jambo la watu wasio na kazi. Katika Suratul-Mulk, aya ya 19, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawahoji wanadamu kama hawawaoni ndege walio juu yao, jinsi wanavyokunjua mabawa na kuyakunja, na kwamba hakuna awashikiliaye isipokuwa Yeye Mwingi wa Rehma. Maana hiyo imerejewa katika Suratun-Nahl, aya ya 79. Katika Suratul-An'am, aya ya 38, tunafahamishwa kuwa wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mabawa yao mawili ni umma mfano wetu. Na katika Suratun-Nur, aya ya 41, tunaelezwa kuwa ndege nao wanamtukuza Mola wao, na kila mmoja anaijua sala yake na tasbihi yake.

Tuzingatie neno umma. Umma una mpangilio wake, safari zake, makazi yake na malezi yake. Na hakuna anayeweza kuujua umma kwa kuutupia jicho mara moja akapita. Hudihudi wa Nabii Suleiman (A.S.) aliheshimiwa habari yake, na Nabii Suleiman alipowakagua ndege alimkosa mmoja tu akaulizia alipo. Leo sisi wakikosekana ndege elfu, hakuna anayeulizia.

Hazina iliyo mlangoni petu

Watu wa Kigoma tumezoea kuona kuwa fahari yetu ni Ziwa Tanganyika, na kweli ni fahari, kwani ni ziwa la pili duniani kwa kina, mita zipatazo 1,470. Kadhalika tunayo Gombe na Mahale pamoja na sokwe wake. Lakini nyuma ya migongo yetu, upande wa mashariki, ipo hazina nyingine ambayo wengi wetu tunaipita kwa treni au kwa basi bila kuitupia jicho. Nayo ni ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi.

Mto Malagarasi huanzia katika nyanda za juu zilizo mpakani na Burundi, huzunguka kama upinde, hukusanya maji ya Muyovozi, Igombe na Ugalla, hupita Uvinza penye chumvi, kisha huingia ziwani kusini ya Ujiji. Hakuna mto mwingine uingiao Ziwa Tanganyika wenye bonde kubwa kuliko lake. Kabla ya kufika huko, maji yake hutawanyika katika vinamasi vya mafunjo, mabwawa kama Nyamagoma na Sagara, na mbuga za majani zilizozungukwa na misitu ya miombo.

Mwaka 2000 Tanzania iliiandikisha sehemu hiyo, yenye ukubwa wa hekta 3,250,000, chini ya Mkataba wa Ramsar. Mkataba huo wa kulinda ardhi oevu ulitiwa saini tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar, pwani ya Bahari ya Kaspi nchini Iran, na ndiyo maana unaitwa kwa jina la mji huo. Malagarasi-Muyovozi lilikuwa eneo la kwanza la nchi yetu kuandikishwa. Baadaye zikafuata Ziwa Natron, bonde la Kilombero, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa. Maana yake ni kuwa, kati ya ardhi oevu zote za Tanzania, ya kwetu ndiyo iliyotangulia kuonwa kuwa ni amana ya dunia nzima. Je, ni watoto wangapi wa Ujiji, Mwanga au Kasulu wanaolijua hilo?

Misimu na wageni wake

Sisi huku hatuna masika na vuli mbili zilizoachana kama ndugu zetu wa pwani. Tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Aprili au Mei, na msimu mmoja wa kiangazi. Anayetaka kuwajua ndege wa Malagarasi lazima aifuate misimu hiyo, kwani kinamasi cha Agosti si kinamasi cha Februari.

Tuanze na Septemba. Ardhi imekauka, vumbi na moshi vimetanda, lakini miombo huchipua majani mekundu kabla hata tone moja la mvua halijaanguka. Ni wakati huu ambapo wageni huanza kuwasili. Mbayuwayu hutoka Ulaya na Asia, naye ana uzito wa takriban gramu 20 tu, sawa na vijiko vichache vya sukari ya chai. Huja keremkerem walao nyuki, huja ndege wadogo wa matopeni wenye miguu mirefu, na mvua zinapokolea huja korongo weupe.

Safari ya korongo huyu inastahili kuelezwa kwa watoto wetu kama hadithi ya usiku. Yeye hapendi kuvuka bahari pana, kwa sababu husafiri kwa kupandishwa na hewa ya moto inayotoka ardhini. Kwa hiyo makundi ya Ulaya ya mashariki hupita Istanbul, hushuka nchi za Sham na Palestina, huvuka Sinai, hufuata bonde la Mto Nile kupitia Misri na Sudan, kisha hutufikia sisi Afrika Mashariki, na wengine huendelea hadi Afrika Kusini. Waturuki humwita korongo haji, kwani wazee wao walimwona akielekea kusini kila mwaka wakasema huyo anakwenda Makka.

Wazungu wa zamani hawakujua ndege hao wanakwenda wapi wakati wa baridi. Walikuwapo waliodhani kwamba hujificha chini ya maji. Mwaka 1822, katika Ujerumani ya kaskazini, alionekana korongo mweupe aliyechomwa shingoni na mshale wa Kiafrika, naye akiwa ameruka na mshale huo mpaka kwao. Hapo ndipo walipopata ushahidi wa wazi kwamba korongo wao huja kukaa kwetu. Kwa hiyo ndege anayetua katika mbuga za Malagarasi mwezi wa Desemba ni mgeni aliyetoka mbali mno, na sisi Waislamu tunajua haki za mgeni.

Mvua zinapofikia kilele, kuanzia Februari hadi Aprili, kinamasi hubadilika kabisa. Katika kiangazi maji ya wazi na maziwa huwa kiasi cha hekta 250,000, na mafunjo ya kudumu kiasi cha hekta 200,000. Mvua zikishiba, mbuga za kandokando zinazofurika zinaweza kufikia hekta milioni 1.5. Samaki hutawanyika katika majani kutaga mayai, vyura huimba usiku kucha, na kwera husuka viota vyao kwenye ncha za matete. Mwanadamu akae atazame jinsi ndege huyu, asiye na mkono wala sindano, anavyopitisha ujani mmoja juu na mwingine chini kwa mdomo wake mpaka kiota kikakamilika, kisha aseme kama hakumkumbuka aliyemfundisha.

Machi na Aprili wageni huaga. Anga linalojaa mbayuwayu jioni moja, siku ya pili ni tupu. Hakuna aliyewapigia kengele, wala hakuna aliyewaandikia tarehe.

Kisha huja kiangazi, na huo ndio wakati wa wenyeji. Maji hurudi nyuma, mabwawa hupungua, na samaki waliotawanyika hubanwa mahali padogo. Mwari, yangeyange, kwarara na korongo wa aina mbalimbali hukusanyika kwenye karamu hiyo. Na katikati ya mafunjo, peke yake, husimama ndege mkubwa wa rangi ya majivu, urefu wake zaidi ya mita moja, mdomo wake mpana mfano wa kiatu. Huyo ndiye korongo nyangumi. Husimama bila kutikisika kwa muda mrefu sana akingojea kambare au kamongo ainue kichwa kuvuta pumzi, kisha humwangukia kwa uzito wake wote. Hutaga kwa kawaida mayai mawili, na mara nyingi kifaranga kimoja tu ndicho hukua. Jua linapokuwa kali, mzazi huchota maji kwa mdomo wake akaja kuyamwagia mayai au kifaranga ili kukipoza. Rehma hiyo ameitia nani moyoni mwake?

Huku ufukweni nako hakukosi mwalimu. Furukombe hulia asubuhi kutoka mti mrefu kando ya ziwa, na mnandi hukausha mabawa juu ya miamba. Mzee mmoja mvuvi wa Ujiji alitueleza kwamba ujana wao hawakutoka bila kwanza kutazama ndege. "Ukiwaona shakwe wamekusanyika mahali pamoja wanajitupa majini," alisema, "basi jua dagaa wako pale, na migebuka wako chini yao." Tukamuuliza kama vijana wake wanafanya hivyo. Akacheka akasema: "Vijana wanatazama taa na injini, mwanangu. Juu hawatazami."

Kinachopotea

Ndugu wasomaji, tusingelichukua nafasi ya ukurasa huu kuzungumzia uzuri peke yake. Lipo jambo la kutia hofu. Korongo nyangumi waliobaki duniani wanakadiriwa kuwa elfu chache tu, na Malagarasi ni moja kati ya makazi yao machache. Zamani ilidhaniwa kuwa katika vinamasi vyetu wamo zaidi ya elfu mbili. Makadirio yaliyofuata yaliteremka hadi mamia. Korongo mwenye taji, yule mrembo anayecheza ngoma akimtafuta mwenzake, tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka.

Sababu zake zinafahamika. Moto huwashwa kila kiangazi na kuteketeza viota pamoja na vifaranga. Mifugo mingi huingizwa katika mbuga ndege wanapolea. Mafunjo hukatwa na kuchomwa kupisha mashamba. Miti ya kandokando ya mito hukatwa kwa mkaa, udongo ukashuka na mvua na kuziba maji. Aidha, wapo waliochukua vifaranga vya ndege adimu kwa ajili ya kuwauzia wafugaji wa nchi za nje. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, lakini marufuku peke yake hayawezi kumlinda kifaranga aliye katikati ya kinamasi ambako askari hafiki kila siku. Anayefika kila siku ni mvuvi, mchungaji na mrina asali.

Wapo wanaopenda kuwatwisha wakimbizi lawama zote. Ni kweli kwamba mkoa wetu umepokea ndugu wengi kutoka Burundi na Kongo, na kwamba maelfu ya majiko yanahitaji kuni. Lakini aliyekimbia na roho yake hakuja kuharibu msitu, na mkaa unaochomwa porini unapikiwa pia katika nyumba zetu mjini. Uadilifu unatutaka tuanze na nafsi zetu.

Majibu kwa wanaopinga

Hapana shaka wapo watakaosema kwamba kutazama ndege ni starehe ya watalii wenye darubini, na kwamba mwenye njaa hana muda huo. Tunawajibu kwa heshima kwamba kinamasi hicho ndicho kinachoshika maji ya mvua yasiteremke kwa mkupuo mmoja, ndicho kitalu cha samaki, na ndicho kinachochuja tope kabla mto haujafika ziwani. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Familia nyingi za Kigoma ziliuhisi uzito wa miezi ile mitatu. Basi tujue kwamba ndege ni mashahidi wa hali ya maji. Wakitoweka wao, samaki hawako mbali kuwafuata, na njaa hiyo ni yetu.

Wengine watasema ndege ni waharibifu, wanakula mpunga na mtama. Ni kweli kuhusu kwelea, na mkulima ana haki ya kuondoa madhara shambani mwake. Lakini tusiwahukumu ndege wote kwa kosa la mmoja. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege. Wengi wao hula wadudu na panya wanaotuharibia mazao. Na katika miombo yetu yupo mlembe, ndege mdogo anayemwita mwanadamu kwa sauti yake, akatangulia mti kwa mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki, ili baada ya asali kurinwa naye apate nta. Wangapi wameipata asali kwa uongozi wake kisha wakamsahau?

Na wapo watakaosema kwamba elimu hii si yetu, ni ya wageni. Hili nalo ni kosa. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 869, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama. Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405, akatunga kitabu kingine juu ya maisha ya wanyama kwa mpangilio wa herufi, akichanganya habari zao na hukumu za sheria. Hao walikuwa Waislamu na wanazuoni. Ni sisi warithi wao tulioliacha shamba likamea magugu. Jane Goodall alipofika Gombe mwezi Julai 1960 hakuwa hata na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa na daftari, darubini na subira. Alikaa akitazama siku baada ya siku mpaka dunia ikajifunza kwake mambo ya sokwe ambayo haikuyajua. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91. Subira hiyo ni sifa tunayoihubiri misikitini. Kwa nini isiwe kwa watoto wetu?

Adabu tuliyoachiwa

Sheria yetu haikumkataza mwanadamu kula nyama ya ndege walio halali. Ilichokataza ni dhulma na mchezo wa roho. Imepokewa na Abu Dawud kwamba masahaba walipokuwa safarini walichukua vifaranga viwili vya ndege, na mama yao akaja akihangaika na kutandaza mabawa. Mtume (S.A.W.) alipomwona akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa sababu ya wanawe, akaamuru warudishwe. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Ibn Umar (R.A.) aliyewakuta vijana wamemfunga ndege wakimlenga kwa mishale. Akawakemea na kuwajulisha kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Manati zilizoning'inia shingoni mwa watoto wetu zinaingia wapi katika hukumu hiyo? Kila mzazi ajijibu.

Lakini Mtume (S.A.W.) hakuwafundisha watoto kwa makemeo matupu. Mdogo wake Anas bin Malik (R.A.), aliyeitwa Abu Umayr, alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege huyo alipokufa, Mtume (S.A.W.) alimjia mtoto yule kwa upole na mzaha wa kumliwaza, akimuulizia habari za ndege wake. Wanazuoni wamechukua humo ruhusa ya kumfuga ndege kwa sharti la kumlisha na kutomtesa. Sisi tunachukua humo jambo jingine zaidi, kwamba mkubwa wa umma alimjua ndege wa mtoto mdogo na akaona huzuni yake si jambo la kupuuzwa.

Tufanye nini?

Tunapendekeza mambo machache yasiyohitaji fedha. Kwanza, kila baba au mama anayeweza, amchukue mwanawe mara moja kwa wiki baada ya swala ya Alfajiri, waende ufukweni, bondeni au chini ya miembe, wakae kimya nusu saa na kutazama. Ndege ni wengi asubuhi, na kutazama kwa macho matupu kunatosha. Pili, mtoto awe na daftari, aandike tarehe, aliyemwona, alikuwa akifanya nini. Baada ya mwaka mmoja atakuwa na misimu yote mikononi mwake: siku mbayuwayu walipofika, siku walipoondoka, mwezi kwera walipoanza kusuka.

Tatu, tuwaulize wazee wetu majina. Kiha kina majina yake, Kitongwe kina yake, na Kiswahili cha Ujiji kina yake. Kila mzee anayefukiwa huondoka na baadhi ya majina hayo. Nne, walimu wa madrasa wanaposomesha Suratul-Mulk na Suratun-Naml wawatoe wanafunzi nje, wawaonyeshe kinachosemwa. Tano, maimamu katika hotuba za kiangazi wawaonye watu juu ya moto wa porini. Na mwisho, tupande miti kandokando ya mito na makorongo, kwani tumefundishwa kwamba Mwislamu hapandi mti akala kwao mwanadamu, mnyama au ndege, isipokuwa huandikiwa sadaka. Tufikirie ukarimu wa Mola wetu: hata ndege anayeiba embe lako anakuchumia thawabu.

Tumalizie pale tulipoanzia. Yule mdiria hakupona. Tulimweka kivulini, tukamtilia maji, lakini kabla ya Magharibi alikuwa amekufa. Watoto walikuwa wamenyamaza, na furaha yao ya mwanzo imekwisha. Yule mkubwa akatuuliza: "Babu, tumzike?" Tukawasimulia jinsi Mwenyezi Mungu alivyompeleka kunguru akafukua ardhini, ili mwana wa Adamu aliyemuua ndugu yake ajifunze namna ya kumsitiri. Wakachimba shimo dogo mchangani kwa mikono yao, wakamfukia. Mmoja wao akasema kwamba sisi tulifundishwa kuzika na ndege. Hakuna kati yetu aliyekuwa na la kuongeza.

Siku chache baadaye tulimwona yule mkubwa amekaa peke yake juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Manati ilikuwa bado shingoni, lakini macho yake yalikuwa juu, kwa mdiria mwingine aliyesimama angani akipiga mabawa. Tulipita polepole tusimsumbue.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuzizingatia aya Zake, zilizoandikwa na zinazoruka, na atujaalie tuwarithishe watoto wetu ardhi iliyo hai kama tulivyorithishwa na wazee wetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.